Mzabibu wa Kale Nyuma ya Nyumba: Ukate, Usiung'oe

Ndugu mkulima, kama karibu na nyumba yako kuna mzabibu wa kale, ule ulioukuta ulipoingia shamba au ulioachiwa na baba yako, nakusihi usiung'oe mwaka huu. Usiuchome moto, wala usiufanye kigingi cha kufungia ndama. Tafuta mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo, uukate kwa akili, kisha uungoje miaka miwili. Baada ya muda huo, kama haukukupa kitu, ung'oe, wala hapana mtu wa kukulaumu.

Nasema hivi kwa sababu mizabibu hii inapotea, tena inahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mpango wa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962, na maelfu ya jamaa wakapewa mashamba, wengi hawakukuta ardhi tupu. Mahali pengine walikuta nyumba za mawe, matangi ya maji, majosho ya ng'ombe, na bustani za matunda: plamu, pichi, peasi, na pengine mzabibu mmoja uliotambaa juu ya baraza. Lakini wazee wetu walikuwa na mkopo wa ardhi wa kulipa. Walikuwa na ng'ombe wa maziwa wa kutunza, pareto ya kuchuma na mahindi ya kulisha watoto. Mzabibu haukutiwa katika hesabu ya shamba, na ni wachache walioonyeshwa namna ya kuutunza. Basi ukaachwa ujitafutie.

Leo mashamba yale yale yanagawanywa kwa wana na wajukuu. Kila mtu anayepima kipande chake akikuta kitu asichokijua kazi yake husema, "Hiki kinamaliza nafasi." Mzabibu ndio wa kwanza kuanguka, maana umejaa majani, una matawi makavu yaliyosukana kama kamba kuukuu, na zabibu zake ni chache, ndogo na kali. Ukiutazama hivyo, utaona kweli umekwisha. Mimi nasema haukwisha, ila umekosa kisu.

UZEE SI UGONJWA

Neno la kwanza tunaloambiwa ni kwamba mti umezeeka. Lakini umri wa mzabibu hauhesabiwi kama umri wa ng'ombe. Katika jumba la kifalme la Hampton Court, karibu na London, uko mzabibu uliopandwa mwaka 1768. Umepita miaka 250, na bado huzaa kilo 270 hivi katika mwaka wa kawaida. Katika mji wa Maribor, nchi ya Slovenia, uko mwingine wenye umri wa zaidi ya miaka 400. Huo wa Maribor ulidhoofika sana, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wakaja wakakata sehemu zake zilizoharibika. Ukachipuka tena, na mpaka leo unavunwa.

Sasa linganisha. Mzabibu ulioachwa shambani kwako, hata ukiwa na miaka 70, kwa hiyo miwili ni mtoto. Tofauti yake na hiyo ya Ulaya si umri. Ile hukatwa kila mwaka bila kukosa, na wako hukatwa siku unapoziba mlango tu.

Wengine watanijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Shina la zamani halikunjiki. Lakini mzabibu una tabia moja ambayo samaki hana: katika shina kavu lenye magamba, yamelala macho ambayo hayajafunguka miaka mingi. Ukikata juu, macho hayo huamka na kutoa chipukizi jipya. Chipukizi hilo ndilo samaki mbichi. Hilo ndilo utakalolikunja utakavyo.

KWA NINI HAUZAI

Ni lazima mkulima ajue jambo moja, na akilijua hilo, mengine yote yatamfuata. Zabibu hazizaliwi juu ya mti mkuukuu. Huzaliwa juu ya machipukizi mabichi ya mwaka huu, na machipukizi hayo yawe yametoka katika fito za mwaka jana. Fito za mwaka jana utazijua kwa rangi: ni za hudhurungi, laini, unene wa kalamu ya risasi. Mti mkuukuu una magamba yanayobanduka.

Mzabibu usiokatwa hurefuka kila mwaka. Fito changa huenda mbali, juu ya bati, juu ya mti wa jirani, na nyuma yao hubaki matawi marefu makuukuu yasiyozaa kitu. Chakula cha mizizi hutembea safari ndefu kulisha majani yaliyofunikana, na vichala vichache vilivyo ndani havioni jua wala upepo. Humo ndimo ukungu hukaa. Kwa hiyo mti huo hauna njaa, bali una watoto wengi kupita nguvu zake. Mtu akiutilia mbolea nyingi apate zabibu, atapata majani zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo ni la nchi yetu. Huko Ulaya baridi kali huangusha majani, mti ukalala, kisha ukaamka pamoja. Kwetu mzabibu haulali sawasawa. Huweza kuwa na majani makuukuu, machipukizi mapya na vichala vibichi kwa wakati mmoja, na hapana kazi inayomalizika. Kwa hiyo mkulima wa hapa ndiye anayekuwa baridi ya mzabibu wake. Ni yeye anayepaswa kuulaza na kuuamsha, na chombo chake ni mkasi.

Msidhani haya ni maneno ya vitabuni. Wakulima wa Dodoma, nchi ya Tanzania, hukata mizabibu yao kwa mpango huo huo na huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu zilifika kwao kwa mikono ya mapadre wa misheni ya Bihawana, lakini leo ni mali ya wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi. Kwa hiyo yule anayesema mzabibu ni ua la Mzungu la kupamba baraza na aende Dodoma akaulize.

NAMNA YA KUUKATA

Kwanza fyeka majani na magugu yote yaliyozunguka shina, futi tatu kila upande. Usichimbe kwa jembe, maana mizizi mingine iko juu juu. Usipande mahindi wala majani ya ng'ombe katika duara hilo. Hata kule Hampton Court, ardhi iliyo juu ya mizizi huachwa wazi, haipandwi kitu. Tandaza debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, mbali kidogo na shina, kisha funika kwa majani makavu. Hiyo yatosha kwa mwaka mzima.

Pili, chunguza uhai. Kwangua gome kidogo kwa ukucha au kwa kisu. Ukiona kijani chini yake, tawi li hai. Ukiona rangi ya udongo na ukavu, limekufa. Anza kwa kuondoa yote yaliyokufa kwa msumeno. Usikate na kulisawazisha na shina kabisa. Acha kisiki kifupi, urefu wa kidole gumba, kwa sababu kidonda cha mzabibu hakizibi upesi kama cha miti mingine, na ukavu huingia ndani.

Tatu, chagua mikono. Katika matawi makubwa yaliyo hai, chagua mawili au matatu yaliyokaa vizuri, mengine uyaondoe. Hapa ndipo mkono wa mkulima hutetemeka. Lakini kaza moyo, kwani katika fito kumi za mwaka jana, tisa zitaanguka. Hizo chache ulizoziacha katika kila mkono, kata nyingine fupi, zenye macho mawili au matatu. Moja au mbili uziache ndefu, zenye macho nane hata kumi. Aina nyingine za mzabibu huzaa katika macho ya chini, na nyingine huzaa katika macho ya mbele tu. Msimu mmoja ukipita, mzabibu wenyewe utakuambia wewe unayo ipi.

Nne, kama shina limeoza ndani au limepasuka, tafuta chipukizi lililotoka chini karibu na ardhi. Lilinde kama mtoto wa kwanza. Lifunge kwenye mti ulionyooka, uliache likue mwaka mzima, na shina la zamani lifanye kazi ya kulilisha. Mwaka wa pili au wa tatu, chipukizi hilo ndilo litakuwa shina, na mzee ataondoka kwa heshima. Lakini tazama sana: mizabibu mingine ilibebeshwa, yaani mti mmoja uliungwa juu ya shina la mwingine. Ukiona uvimbe karibu na ardhi, chipukizi lolote lililo chini ya uvimbe huo si la zabibu ulizozijua. Hilo likate. Chagua lililo juu.

Tano, usiogope maji. Ukikata wakati utomvu unapanda, kidonda kitatiririsha maji siku kadhaa. Wanaouona hushtuka, wakaufunga kwa vitambaa na kuupaka samadi. Mwacheni. Maji hayo yatakauka, na mti hautadhurika.

Mwisho, uupe mahali pa kulala. Nguzo tatu na waya mbili zatosha, au kichanja cha fito imara. Jua liufikie. Kama umefunikwa na mkaratusi au msanduku, hapo huna budi kuchagua kati ya kivuli na zabibu, maana vyote viwili huwezi kuvipata.

HESABU KURUDI NYUMA

Watu huniuliza tarehe ya kukata. Ni afadhali kujua hesabu kuliko kujua tarehe, kwa maana mvua za Machakos si za Lugari. Tangu siku ya kukata mpaka zabibu kuiva hupita miezi minne hata mitano. Zabibu zinapoiva hazipendi mvua, maana hupasuka na kuoza. Kwa hiyo tafuta mwezi wako wa ukavu, kisha hesabu kurudi nyuma. Anayetaka kuvuna Januari na Februari, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi ni kavu, na akate mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Kama humwagilia maji, aache kumwagilia majuma machache kabla ya kukata, ili mti upumzike. Siku ya kukata na aondoe pia majani makuukuu yaliyosalia, kisha ampe maji ya kutosha, naye ataamka.

Baada ya majuma mawili au matatu utaona macho yanavimba. Machipukizi yakitoka mengi mahali pamoja, acha moja au mawili yenye nguvu. Vichala vikianza kuonekana, ondoa majani machache yanayovifunika ili upepo upite. Katika mwaka wa kwanza, kama mti ni dhaifu, punguza vichala, ubakize vichache. Nani humtwika mgonjwa gunia siku ya kwanza ya kutoka kitandani?

Adui mkubwa ni ukungu. Ule unaofanana na unga mweupe juu ya majani na juu ya zabibu, wataalamu huuita ubwiri unga, na dawa yake ya tangu zamani ni salfa. Ule unaotia madoa ya manjano kama mafuta juu ya jani, na manyoya meupe chini yake, ni ubwiri vinyoya, na huo hutibiwa kwa dawa zenye shaba. Usinyunyize salfa jua linapowaka, maana huunguza. Tena iko mizabibu, hasa ile ya asili ya Marekani yenye zabibu za harufu kali, isiyoivumilia salfa kabisa. Jaribu kwanza katika tawi moja, ungoje juma moja. Mwulize Bwana Shamba kipimo, nawe ufuate maandishi ya kibandiko. Lakini jua kwamba mkasi huzuia ukungu kuliko dawa, kwa sababu ukungu hupenda mahali pasipo na upepo.

Ndege nao watakuja, na watoto pia. Ndege wazuie kwa kufunika vichala kwa mifuko ya karatasi. Watoto waelezeni ya kwamba zabibu ikichumwa bado kali haiivi nyumbani kama ndizi. Ingojwe iive mtini.

FAIDA YAKE NI NINI?

Sasa nafika kwenye swali ambalo mkulima mwenye busara huuliza kwanza. Mzabibu mmoja hautalipa karo ya shule. Sitaki kumdanganya mtu kwamba atatajirika kwa mti ulio nyuma ya jiko. Tena si kila mahali panaufaa. Anayekaa Kinangop ya juu, penye baridi, ukungu wa asubuhi na mvua nyingi, mplamu wake utamfaa zaidi kuliko mzabibu, na maneno haya ya kukata na ayapeleke kwa mplamu, baada ya kuuliza namna yake, maana hukatwa kwa njia nyingine. Mzabibu hupenda ukavu na jua, kama pande za Naivasha na sehemu za Machakos.

Lakini fikirini jambo hili. Mti uliokaa shambani kwako miaka 60, bila kumwagiliwa, bila dawa, ukaliwa na mbuzi, ukakanyagwa na ng'ombe, na bado unachipua kila mvua inyeshapo, umekwisha fanya mtihani wake. Umeonyesha kwamba udongo wako unaufaa, ukame wako unauvumilia, na magonjwa ya mahali pako hayakuuua. Mche mpya unaonunuliwa barabarani haujafanya mtihani wowote. Huenda ukapona, huenda ukafa, nawe umetoa fedha.

Basi faida ya kwanza ni matunda ya watoto, na vichala vichache vya kumpa mama wa nyumba akauze. Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni mbegu. Zile fito tisa ulizozikata si takataka. Chagua zenye afya, unene wa kalamu ya risasi, uzikate vipande vyenye macho matatu au manne. Panda macho mawili chini ya udongo na mengine juu, mahali penye kivuli kidogo na unyevu, nawe uangalie usigeuze juu kuwa chini. Vingi vitatoa mizizi. Mzabibu mmoja wa zamani waweza kuwapa kijiji kizima. Lakini usichukue fito katika mti wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka yasiyoeleweka, kwa maana ugonjwa wa namna hiyo husafiri ndani ya kipande.

Hapa nina neno kwa viongozi wa vyama na vikundi vyetu, na kwa sisi tulio katika ofisi za kilimo pia. Mkulima akija ofisini huomba mche mpya, na sisi hufurahi kumwandikia jina katika orodha ya miche. Ni nadra mtu kuuliza namna ya kuuponya mti alio nao, na ni nadra sisi kumwuliza, "Nyumbani una nini?" Tumezoea kugawa na kupokea, kutengeneza tumekusahau. Nadhani ingekuwa vyema kila kikundi kinunue mkasi mmoja mzuri na msumeno mmoja, na kichague kijana mmoja au msichana mmoja afundishwe kukata vizuri. Azunguke nyumba kwa nyumba, alipwe kidogo kwa kazi yake. Kikundi kinachonunua miche 100 kila mwaka, na miche 80 ikafa, hakishindwi na bei ya mkasi.

Najua wako watakaosema, "Baba yangu aliuacha hivyo, nami nitauacha hivyo." Baba yako hakuuacha kwa kuuchukia, ila mikono yake ilikuwa imejaa. Alipokea shamba lenye deni, akalilipa, akakupa. Wewe umepokea shamba na mti ndani yake, na kazi iliyobaki ni ya asubuhi mbili kwa mwaka.

Iko siku ya kung'oa, sikatai. Ukikwangua gome kutoka juu hadi chini usione kijani, mti umekufa, utoe. Ukiukata na kuungoja misimu miwili, nao ukatoa machipukizi manyonge yanayokauka, utoe, na usipande mwingine katika shimo lile lile. Ukisimama mahali unapopita maji ya mvua na kutuama, utoe, maana mzabibu hauvumilii miguu iliyolowa. Hayo ndiyo mambo ya kuung'olea. Kuwa mzee si mojawapo.

Agosti ikifika mwishoni, kabla mwanao hajapita na shoka, toka nyuma ya nyumba na kisu kidogo. Kwangua gome. Kama chini yake pana kijani, kanoe msumeno.